Mama Amekubali Kusema

Mke wangu Zulayho,

Huku nyumbani Fargona hatujambo. Mzabibu umezaa mpaka majirani wamechoka kugawiwa, na Mama bado anaibeza pilau yangu: "Huu ni uji wa nyama, mwanangu."

Ulipopata ufadhili wa kwenda Ujerumani kuandika kitabu juu ya maisha ya wanawake wa huku waliochuma pamba, Mama akiwa mmoja wao, Mama hakukujibu hata swali moja. Juzi nilimsomea barua yako, pale unaposema umekwama na huenda ukarudi mapema. Akaweka chini kikombe cha chai.

"Mwambie mkwe wangu asirudi, aandike. Farruh, kabla yako nilikuwa na binti. Nilimlaza kando ya shamba, ndege ikapita ikimwaga dawa ya pamba. Hakumaliza wiki."

Miaka arobaini sikujua kwamba nilikuwa na dada. Nililia kama mtoto, naye akanifuta machozi kwa mtandio wake.

Jumapili mchana anataka kuzungumza nawe mwenyewe kwa simu. Anaomba jambo moja tu: jina la mtoto, Oydin, liandikwe kitabuni.

Mumeo akupendaye,
Farruh