Kobe wa Kasi Sifuri

Rwezamenyo, Jumapili

Kaka Usumani,

Huku sote wazima, mvua imeanza. Mimi bado naandika maelezo ya ile programu ya kufundisha watoto kuchora kwa kompyuta. Wiki nzima nimekwama kwenye kasi ya kobe anayechora. Moja ni polepole, kumi ni mbio. Sifuri ndiyo inayowachanganya watu: kobe haonekani akitembea, mchoro unatokea mara moja.

Nilimwonyesha baba, nione kama fundi cherehani ataelewa. Akainamia skrini, akasema, "Iko anatembea vizuri, mwanangu."

Nilikuwa nimeweka sifuri.

Nikaweka moja, akasema vilevile. Mungu anisamehe, nikaizima skrini kabisa. Baba akasema, "Mzuri sana huyo kobe."

Mama anajua tangu Ramadhani. Ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano. Wamenikataza kukuambia. Mkasi bado anaushika baba mwenyewe.

Lile koti la harusi yako, ulilolicheka kwenye simu kwamba mkono mmoja mrefu, alilipima kwa vidole siku tatu. Livae hivyohivyo. Usilipeleke kwa fundi mwingine.

Mdogo wako,
Hadidja