Waya Mbili Ndani ya Paipu Moja

Ghala la Ushirika,
S.L.P. 61,
Wote, Makueni.
14 Julai, 1997.

Mpendwa Kaka Muthama,

Kabla hujaendelea, nakusihi ufunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee mwenzako wa chumbani, usimwandikie shemeji Wanjiro, na zaidi ya yote usimwambie Baba neno lolote la humu. Ukishaisoma, ichane.

U hali gani huko Bahraini? Tunasikia joto la miezi hii huko ni kali kuliko hata letu, na Mama huuliza kila mara kama unapata maji baridi ya kunywa. Mimi ni mzima wa mwili. Mama kikohozi kimempungua. Mahindi hayakutupa kitu, lakini mbaazi zimestahimili.

Najua Baba amekwisha kukuandikia juu ya ntheo ya dada yetu Kavata, siku ile ya kupokea mbuzi wa kumfanya mke. Aliniambia amekueleza kwamba Kiilu, fundi wetu wa stima, ndiye aliyeharibu kazi, na kwamba anangoja neno lako wewe, fundi mwenye cheti, ili aende nalo kwa chifu. Kaka, usiliandike neno hilo. Kiilu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Unakumbuka Pasaka, ulipotuletea kile kisanduku cha kuendesha taa, pampu na kengele? Ulinipeleka nyuma ya ghala la mahindi ukachora mchangani kwa kijiti. Ulisema kisanduku kikae stoo, pakavu na penye hewa, mbali na mita, wala si jikoni kwenye moshi. Waya zake nyembamba zipite njia yao, na waya za stima kubwa zipite njia yao, kati yao shubiri nzima au zaidi. Zikilazimika kukutana, zipishane kama mbao za msalaba, zisitembee pamoja. Na ndani ya paipu moja zisiingie kamwe. Ukaniuliza, "Umeshika, karani?" Nikajibu nimeshika. Na kweli nilikuwa nimeshika. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu siwezi kusema sikujua.

Kisanduku tulikifunga vizuri, mahali palepale ulipopachagua. Pampu ikafanya kazi, taa ya langoni ikawa inawaka yenyewe giza likianza kuingia. Ilibaki kengele ya lango. Kiilu alisema lazima achimbe mfereji mpya ukutani na uani, apitishe paipu nyingine. Mama alikuwa amemaliza tu kupaka ukuta wa mbele rangi nyeupe kwa ajili ya wakwe. Alitoka na brashi mkononi akasema, "Nani anataka kuchimba ukuta wangu? Akachimbe kaburi lake kwanza!" Tukacheka wote.

Kisha Kiilu akanivuta kando. "Jonah, hii paipu ya taa ya langoni ina nafasi. Muthama alisemaje? Zinaweza kulala pamoja?"

Nikamwambia, "Alisema hakuna shida."

Nilisema hivyo, Kaka. Nilitaka ukuta ubaki mweupe, nilitaka kengele iwe tayari, na nilitaka wakwe kutoka Nuu waone nyumba yetu. Kiilu alizivuta zile waya kwa nguvu, maana kona ya paipu ilikuwa imebana. Na kile kibonyezo cha kengele cha plastiki ulichonipa sikukitumia. Nilinunua cha shaba mjini Kitui kwa sababu kinang'aa.

Siku ya ntheo lori la wakwe lilipata pancha karibu na Migwani, wakafika jua likizama. Wewe unajua desturi, wageni na mbuzi wao husimama nje ya lango mpaka wapokewe. Mimi nilikuwa nimemtangazia kila mtu kwamba leo hakuna kupiga hodi. Walipokuwa wamesimama pale taa ikawaka yenyewe juu yao, nao wakashangilia. Shangazi yake Muli, mchumba wa Kavata, yule mama anayeitwa Kaluki, alikuwa ametoka kuwanywesha mbuzi, mikono yake ingali na maji. Nilipaza sauti kutoka barazani, "Bonyeza, shangazi! Bonyeza!"

Akabonyeza.

Stima ilimrusha akaanguka chali. Wanawake wetu waliokuwa wameanza kuimba walikatiza wimbo, na mbuzi wakakata kamba wakaingia kwenye mbaazi. Nilikimbilia swichi kubwa nikazima nyumba nzima. Nilipotoka, Kaluki alikuwa ameketi mchangani akishika mkono wake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Sisi tumewaletea mbuzi, ninyi mmetupokea kwa radi!" Mtu mmoja nyuma akacheka.

Wazee wa Nuu walisogea pembeni wakashauriana. Kisha vijana wao wakawakusanya mbuzi, wakawapandisha tena kwenye lori. Kavata alikuwa dirishani na gauni lake jipya, akiwatazama wale mbuzi wakirudi. Mpaka leo hajui kama yeye ni mke wa Muli au la. Gauni amelikunja, na hataki mtu amtajie habari zake.

Kaluki alipelekwa hospitali akatibiwa. Namshukuru Mungu yu hai. Kiganja chake kinapona, ila vidole viwili havijaweza kusuka kiondo.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Kesho yake, watu wakiwa kanisani, nilizivuta zile waya nyembamba nikazitoa zote kwenye paipu. Nilipaona pale plastiki ilipochunika kwenye kona, shaba ikiwa wazi; hapo ndipo stima kubwa ilipopata njia ya kufika kwenye kibonyezo. Nikazitumbukiza chooni. Baba alipomwita Kiilu, Kiilu alisema kwa upole, "Mzee, mwulize Jonah." Baba akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu. Baba akamwambia Kiilu, "Huyu ni karani, hashiki waya. Usimtwike mzigo wako." Nami nikaendelea kutazama viatu.

Tangu siku hiyo hakuna anayempa Kiilu kazi. Kanisa limemnyang'anya kazi ya taa za ukumbi. Sokoni Kwa Vonza wanamwita Fundi Radi, na wengine humwita hivyo mbele ya watoto wake. Juzi tulikutana njiani akanisalimu kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Jumamosi hii wazee wa Nuu watakuja tena nyumbani, na Baba amemwita Kiilu asimame mbele yao. Nimeomba ruhusa kazini. Nitaanzia kwa Kiilu, nimwambie mwenyewe nyumbani kwake, kisha tuingie pamoja. Nitasema mbele ya Baba, mbele ya wakwe, na nitamwomba Kaluki msamaha nikimtazama usoni. Wakiniacha nibaki, nitauchimba ule ukuta mweupe kwa mikono yangu, nipitishe paipu ya pili, na kibonyezo kiwe kile cha plastiki. Kwa sasa kisanduku chote nimekizima, hakuna atakayeumia.

Ninaogopa, Kaka. Barua hii itakapokufikia, Jumamosi itakuwa imepita, na yale niliyokusihi huko juu uyafiche yatakuwa yamesikika uani kwetu, nikijaliwa nguvu. Ningeweza kuyafuta, lakini nayaacha, ujue nilikuwa mtu wa namna gani nilipoanza kuandika.

Nisalimie wenzako wa kazini, na ukimwandikia shemeji Wanjiro mwambie mtoto tunamkumbuka. Mama na Kavata wanakusalimu, ingawa hawajui ninakuandikia. Mungu aliyemwinua yule mama mchangani akulinde na wewe katika kazi yako, kila unaposhika waya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Jonah Mutiso.

Usinijibu kwa sanduku la nyumbani, maana Baba hufungua kila barua, na sijui kama nitakuwa na mlango huko. Hapa Wote pia barua zetu hufunguliwa ofisini. Andika hivi: Bwana Kiilu Ndululu, S.L.P. 18, Kwa Vonza, na nyuma ya bahasha uandike, "Ya Jonah." Nikikujibu, ujue ni yeye aliyeniletea barua yako kwa mkono wake.