Ombi ya darubini ya angani

Beni, siku ya ine, mangaribi

Imeenda. Ombi yangu ya kutumia ile darubini ya radio yenye kuzunguka huko angani imeenda, na benye kuichunga bamejibu kama bameipokea.

Asubuhi, Butembo, rezo ya internet ilikatika muji muzima, na leo ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma. Nililia mbele ya Mama. Njia ya Beni inatutia sisi wote woga kwa sababu ya batu ba silaha, mais Baba Idi, jirani yetu mwenye camion, alisema: «Panda. Niko napeleka muchele.» Mama alinivalisha rozari yake.

Hapa Beni, kwenye dépôt ya muchele ya Baba Idi, rezo ilikuwa, lakini courant ya umeme hapana. Bibi yake wa ndoa, Mama Zaina, mwenye anaishi hapa, akawasha groupe ya kutoa umeme kwa ajili yangu tu. Tukingojea ombi imalize kupanda kwenye internet, akaniuliza:

«Hiyo mashini ya angani ikiharibika, nani atapanda kuitengeneza?»

«Hakuna mutu, Mama. Iko mbali sana.»

«Basi Mungu aichunge.»

Nimeomba kusikiliza nyota moja yenye ilikufa zamani, mais ingali inatoa mawimbi. Naogopa. Batu ba inchi nyingi banaomba saa zile zile za darubini, na mimi natoka mahali kwenye hata rezo haiko kila siku.

Mama Zaina amenitandikia kitanda karibu na batoto bake. Sijui nitabashukuru namna gani.

Nilimwambia Baba Idi kama labda batakatala. Alikuwa anakunja turubai ya camion.

«Utaomba tena,» akasema. «Mimi kila juma niko napita.»