Moto wa Tatu Utoke Karaini Kwako

Haripur Sasan,
Wilaya ya Puri,
Orissa.
9 Februari 1950

Mpendwa Kaka Niranjan,

Shikamoo. Naishika miguu yako kutoka hapa barazani, na Kalia amenikalia mapajani anaitaka kalamu, kwa hiyo ukiona wino umeruka ujue si mimi. Hujambo huko Calcutta? Kile kikohozi cha moshi kimekuacha? Wale wanafunzi wa bweni bado wanakulalamikia chumvi? Nakuomba ule chakula cha moto na wewe, usiwe unawapakulia watu mia kisha unamalizia ukoko.

Sisi wazima. Kalia ana mwaka na miezi minne, meno sita, na anatembea kama mlevi. Akianguka halii, anaipiga ardhi kofi. Nikimwona hivyo nafurahi sana, maana najua katoa wapi.

Mama aliniletea ujumbe kwa mchuuzi wa vyungu kwamba mwaka huu mavuno ya mpunga yamekuwa mazuri na goti lake halimsumbui sana. Mwandikie, Kaka. Anasema barua zako ni fupi kama risiti.

Sasa kaa chini. Nina jambo nililokuficha mwaka mzima na nusu. Nilikuficha kwa kuwa nakujua: ungeacha kazi ukaja hapa na mwiko mkononi.

Unakumbuka nilivyoolewa katika nyumba hii ya Atharvan, walinzi wa moto, watu wote wa kwetu walisema nimebahatika. Mke wa shemeji yangu mkubwa, Satyabhama, yule ninayemwita Dada Mkubwa, alinipokea mlangoni akanitazama mikono. Akawaambia wanawake waliokuja kunitazama, "Huyu ni binti wa wapishi. Anaujua moto wa kukaangia maandazi tu." Wakacheka. Kisha akaniuliza mbele yao, "Haya, mwali, Atharvan maana yake nini?" Sikujua. Darasa la nne halifundishi hayo. Wakacheka tena, na toka siku hiyo sikuruhusiwa kugusa jiko lake. Nilijijengea langu la udongo uani, chini ya mchirizi wa paa.

Hilo nililimeza. Lililofuata ndilo lililonikwama.

Masika ya mwaka juzi, mimba yangu ikiwa ya miezi saba, moto wa baba mkwe ulizimika. Moto uliowashwa na yeye na mama mkwe walipokuwa vijana, na hata mama mkwe alipofariki aliruhusiwa na wazee kuendelea kuulinda. Asubuhi ile zamu ya kuufukia kwa majivu ilikuwa yangu. Niliufukia vizuri, Kaka, kama Mama alivyotufundisha kufukia makaa ya kesho. Jioni baba mkwe akaenda kutoa sadaka ya maziwa, akakuta majivu yametawanywa na shimo ni baridi. Sauti aliyotoa mzee yule ninaisikia mpaka leo.

Satyabhama hakungoja hata pumzi moja. "Ni zamu ya nani? Si ya huyu? Nilisema mimi! Mleteni Bi Zimamoto ajibu."

Na jina likashika. Zimamoto nikienda kisimani, Zimamoto nikirudi. Baba mkwe alifunga siku kumi na mbili kwa kutubu kosa ambalo hakulifanya, akaugua, na siku ya arobaini akafariki. Wakasema nimeuzima moto kisha nikamzima na mwenyewe. Niliondolewa chumbani nikapelekwa kwenye banda la ng'ombe. Ndiyo sababu Kalia alizaliwa kule, Kaka, ng'ombe mweupe akimpumulia kichwani. Nilikuandikia kwamba alizaliwa nyumbani. Banda si nyumbani?

Sasa sikiliza nilichokipata. Siku ya tatu baada ya moto kuzimika nilikwenda kuchukua majivu ya kusugulia vyungu katika kapu la majivu la jikoni kwa Satyabhama. Jiko lake anawasha vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa, unajua majivu yake yalivyo laini. Kidole kikagota kwenye kitu kigumu. Nikakitoa. Kijinga cha moto, cha mti wa maua mekundu, ule unaokatwa kwa ajili ya moto wa sadaka peke yake, urefu shubiri moja, na upande wa shina una alama mbili za kisu. Alama za baba mkwe. Kila kijiti alikitia alama ili kisije kikawekwa kichwa chini. Na juu yake pameungulia maziwa yaliyofurika, yamekauka kama gome.

Mimi ni binti wa wapishi. Sihitaji kuambiwa yaliyotokea jikoni. Alichota moto usioruhusiwa kuchotwa, akachemshia maziwa, akaacha shimo wazi mvua ikiingia.

Nilikifunga kwa kitambaa nikakitia ndani ya chungu cha dengu. Sikusema. Nani angeniamini, mimi mwenye mimba na jina la Zimamoto? Angesema nimekichoma mwenyewe. Nilimwonyesha Baba Kalia tu, na Baba Kalia, unamjua alivyo mpole, akalia, akaniambia tungoje. Basi nikangoja. Kila asubuhi nilipochota dengu mkono wangu ulikigusa. Nilikuwa nakisalimia: hujambo, bado upo?

Katika zile siku arobaini, baba mkwe peke yake aliendelea kuniita mwanangu. Nilimpelekea uji, naye akawa ananifundisha lile neno, ili asinicheke mtu tena. Akasema wako wanaodai Atharvan ni mtu wa moto basi, na kwamba ng'ambo ya milima, kwa Waajemi wa kale, moto na makuhani wake waliitwa kwa majina yanayofanana na hilo. Wako wanaosema maana yake ni asiyetikisika. Wengine wanasema ni jina la mtu, yule wa kwanza kabisa aliyepekecha moto ukatoka katika ua la yungiyungi. Na wapo waliosoma sana wanaosema neno lenyewe halikuzaliwa katika lugha yetu, halina mama wala ndugu humu ndani, lilitoka kwa watu tusiowajua. Hapo alicheka kidogo, kifua kikimkereketa. "Limeolewa kwetu kama wewe, mwanangu. Na sasa ukoo mzima unaitwa kwa jina lake."

Akasema pia kwamba Atharvan wana maneno ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kutuliza: kutoa homa, kuotesha nywele, kumlaza mtoto. Ya pili ni ya kumwangusha adui. Nilimwomba hayo ya pili. Nilimwomba kweli, Kaka, nikiwa na mtoto tumboni. Akanitazama sana. Akasema, "Sikupi. Ila katika mioto mitatu ya nyumba hii, ule wa tatu, wa upande wa kusini, ndio unaokesha dhidi ya maadui wa nyumba. Siku ukiwashwa tena, ukiwa na hasira, kaa upande huo uote."

Sikumwambia habari ya kijinga. Alikuwa anakufa akimpenda kila mtu. Nikamwachia.

Mwaka wa msiba ukaisha, na nyumba haiwezi kukaa bila moto. Sheria ya huku ni kwamba mwanamume huwasha moto wake akiwa amepata mwana wa kiume na nywele zake bado nyeusi. Shemeji Gadadhara, mume wa Satyabhama, ni mkubwa, lakini ana mabinti wawili tu, na nywele anazipaka mafuta ya majani kuficha mvi mpaka mto wake umekuwa mweusi kuliko kichwa. Kwa hiyo ni zamu ya Baba Kalia, mkubwa wake akitoa ruhusa. Lakini hakuna mwanamume anayewasha moto huu bila mke ubavuni.

Satyabhama akaona nafasi. Akawaendea wazee: Zimamoto hafai kukaa mbele ya moto, ana mkosi, aachwe kando, Baba Kalia aoe mke mwingine wa kukaa naye. Na unajua mke mwenyewe alikuwa nani? Mdogo wake Satyabhama mwenyewe! Na Kalia angelelewa na huyo, kwa kuwa mtoto wa mlinzi wa moto hakai na mwanamke aliyekataliwa na moto. Alinijia uani mwenyewe kunipa habari, Kalia akiwa mgongoni kwangu. Akamfinya shavu akamwambia, "Usijali, baba, utapata mama anayejua kusoma."

Kaka, siku ile nilitamani kumla mzima mzima.

Wazee walikaa Jumatatu iliyopita, wanaume barazani, sisi wanawake nyuma ya pazia la mianzi. Mzee Lokanath ndiye aliyeongoza. Satyabhama akasema toka nyuma ya pazia, kwa sauti tamu, "Babu, kabla hatujafika mbali, muulizeni tu maana ya Atharvan. Kama anaijua, mimi nanyamaza."

Nikajibu yote. Mwajemi, asiyetikisika, ua la yungiyungi, na neno lililoolewa ugenini. Mzee Lokanath akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema, "Baba mkwe, nilipokuwa namnywesha uji." Nikamsikia mzee anapenga kamasi.

"Kukariri hata kasuku anakariri," Satyabhama akasema. "Moto ulizimika mikononi mwake."

Ndipo nilipomuuliza, polepole, kama ninayeomba chumvi. "Dada Mkubwa, vijiti vya moto wa baba viliwahi kuingia jikoni kwako?"

"Jikoni kwangu! Hata siku moja! Mimi nimezaliwa kwa wapishi?"

Nikapitisha kitambaa chini ya pazia. Babu akakifungua. Akazitambua alama za kisu, alikata vijiti pamoja na baba mkwe toka utoto wao. Akayanusa maziwa.

"Amekichoma mwenyewe!" Satyabhama akapiga kelele. "Mchawi huyu! Kakichoma!"

Na hapo, Kaka, aliyeongea ni mtu ambaye sikumtarajia. Shemeji Gadadhara. Alisimama, na jasho linamtiririka jeusi mashavuni kwa yale mafuta yake. "Satya," akasema, "siku ile viberiti vyote vilikuwa vimelowa. Nilikuuliza umepata wapi moto wa kuchemshia maziwa. Uliniambia, kunywa ukae kimya. Nikanywa. Nikakaa kimya. Baba akafa." Akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka.

Sikumwonea huruma Satyabhama. Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni wa tumbo moja nami. Niligeuka nikamtazama vizuri, nikayala machozi yake kwa macho kama wali wa sikukuu. Nilihesabu: hili la kisimani, hili la bandani, hili la shavu la mwanangu.

Wazee wakaamua nitakaa mimi mbele ya moto. Shemeji katoa ruhusa. Wakasema, aliyesingiziwa atamke aliyemsingizia afanywe nini. Wanawake wakaninong'oneza, mrudishe kwao, mwambie apande gari leo leo. Kaka, ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikawaona wale mabinti zake wawili wamemshika upindo wa sari, mmoja huku mmoja huku. Kumrudisha kwao ni kulipiza kwa siku moja, halafu wenye kulia ni watoto. Mimi nilitaka kitu cha kudumu.

Basi nikakumbuka jambo baba mkwe aliloniambia. Moto wa kwanza hupekechwa kwa vijiti na mume na mke. Wa pili hutolewa kwenye huo. Lakini wa tatu, wa kusini, desturi ya ukoo huu inaruhusu uchukuliwe kwenye jiko la mkaangaji. Ndiyo, Kaka! Jiko la karai! Zamani walifanya hivyo, siku hizi wanaona haya.

Nikasema, "Moto wa kusini utoke kwenye karai la kaka yangu Niranjan, mpishi. Na Dada Mkubwa aubebe kwa mikono yake, ndani ya chungu, toka jiko atakalolijenga mpishi mwisho wa kijiji mpaka nyumba ya moto, mchana, njia kuu, watu wakitazama."

Mzee Lokanath alicheka mpaka akakohoa. Akasema imepita.

Kwa hiyo njoo. Siku ni mwezi mwandamo baada ya sherehe ya kurushiana rangi. Mwombe mkuu wa bweni ruhusa sasa hivi, mwambie ni jambo la dini, hutakuwa umesema uongo. Shuka treni stesheni ya Khurda, Baba Kalia atakungoja na gari la ng'ombe. Usipokuja, Satyabhama atasema ulikuwa utani wangu, na watu watasahau, na mimi nitakuwa Zimamoto mwenye bahati tu. Moto huo wa kusini utawaka nyumbani kwangu maisha yangu yote, na kila jioni akipita atajua umetoka wapi. Natumaini na Kalia ataukuta, na mke wa Kalia, awe binti wa mtu yeyote yule.

Njoo na karai lile la chuma la marehemu Baba, lenye mpini uliofungwa waya. Usilisugue sana.

Na siku hiyo kaanga pilipili kavu, nyingi, mafuta yakiwa yamechemka hasa. Moshi umpande machoni. Najua atalia njia nzima, na nataka watu wadhani ni pilipili. Huruma niliyobakiza kwake ni hiyo tu, sina nyingine.

Nisalimie shemeji zangu wa jikoni, Bhikari na Sudama, na yule mzee anayekuuzia samaki. Mama anakusalimu, Baba Kalia anakushika miguu, na Kalia anakutumia doa hili la wino hapa pembeni. Mungu wetu Jagannath akufikishe salama, akulindie na mapafu yako.

Mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja na kuni zimeshapasuliwa,

Kuntala