Mpira wa Kulia Bado Unagusa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usicheke kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu barua hii ni ya mapenzi ingawa itaonekana ni ya gereji. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa magari, na huu ni mwaka wa nne yuko ng'ambo kwa kazi aliyoniambia ni ya miaka miwili. Aliniachia gari lake uani, mimi nisiyejua kuendesha, gari la zamani ambalo alilitoa miguu yote ya mbele akaliwekea ya gari kubwa zaidi, springi, shokapu na tairi pana, ili, kwa maneno yake, liwe na kifua. Aliondoka limebaki jambo moja, mipira ya breki ya mbele. Kila upande una wake, unatoka kwenye chasisi kupeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu, na yote miwili ilikuwa inasugua tairi ukizungusha usukani hadi mwisho.

Yeye hupiga simu Jumapili alasiri. Swali lake la kwanza ni, "Gari halijambo?" La pili ndilo linalonihusu mimi. Basi nikaanza kumweleza mpira unagusa wapi, naye akaanza kunifundisha, lala chini, mke wangu, tazama pale ulipofungwa, unaona? na mimi nimelala juu ya gunia chini ya gari, simu sikioni, gauni limejaa grisi, nasikia sauti yake kama yuko upande wa pili wa tairi, anacheka, ananiita "fundi wangu", jina ambalo hajawahi kuniita tangu tuoane, na dakika arobaini zinakwisha sijui zimekwendaje, na nikitoka pale chini nimeshiba wiki nzima.

Kosa letu lilikuwa kwamba tulipima gari likiwa juu ya mawe, magurudumu yananing'inia na kutazama mbele, tunaona nafasi ipo, tukilishusha mpira unagusa tena. Siku moja nilikuwa nampima mteja shati, nikamwambia akunje kiwiko, maana mkono wa shati ukiupima umenyooshwa utambana akiinua kikombe, na papo hapo nikamwacha mteja na futi shingoni nikakimbilia uani. Nikalishusha gari likae kwa uzito wake, nikazungusha usukani mwisho huku na mwisho kule, nikalipandisha kwa jeki, nikalishusha, kila mara nikifuata njia ya mpira kwa kipande cha utepe. Kishikizo cha mpira kilikuwa kimekaa mbele mno. Fundi wa kuchomelea wa jirani alikirudisha nyuma vidole viwili na kukipandisha kidogo, nikafunga mpira mrefu zaidi unaopita nyuma ya shokapu bila kujisokota, tukatoa upepo kwenye breki, na upande wa kushoto ukapona kabisa, mshauri, ukipitisha mkono katikati unapita.

Jumapili hiyo nikampa habari kwa furaha. Akasema, "Hongera! Basi na wa kulia ufanye hivyohivyo, halafu mdogo wangu aje alichukue, alitumie mpaka nirudi." Akaniuliza hali, nikasema njema, akaaga. Dakika tatu.

Tangu siku hiyo nadanganya. Huu mwezi wa tano namwambia wa kulia umenishinda, bado unagusa, na kugusa unagusa kweli, kwa sababu mimi sijaugusa. Namwambia nimejaribu hiki na kile, naye anafikiri, anauliza, anacheka, dakika arobaini. Mpira mpya umo kwenye droo ya cherehani pamoja na zipu na vifungo. Sasa shemeji amechoka kusubiri, anasema anakuja mwisho wa mwezi, breki ziwe tayari zisiwe tayari, yeye ataendesha taratibu. Nikitengeneza, gari linaondoka pamoja na ile sauti. Nisipotengeneza, nampa mtoto wa watu gari ambalo mpira wake umeshaanza kuchunika. Nampenda mume wangu, na nina hamu naye mpaka nalionea wivu gari. Nifanye nini?

Mwenye Cherehani

*

Mwenye Cherehani,

Sikucheka. Nilipofika kwenye lile gunia niliiweka barua mezani nikaenda kusimama dirishani, na mimi si mtu wa machozi ya karibu. Lakini sasa kaa vizuri nikuseme.

Dereva anayesambaza gazeti letu nilimsomea sehemu ya mpira. Akasema mpira wa breki ukishaanza kuchunika ni wa kutupa, kwa sababu haupasuki gari likiwa limesimama, unapasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu zako zote. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala. Fungua droo leo. Fanya wa kulia kama ulivyofanya wa kushoto, na usije ukaufunga ule wa zamani kwa waya ukajiona umetengeneza. Na hiyo "nitaendesha taratibu" ya shemeji yako ni maneno ya mtu ambaye hajakutana na mteremko.

Halafu huu uongo. Njia ya mwongo ni fupi, dada yangu. Fundi mzima anaamini miezi mitano kwamba mpira mmoja umemshinda mke aliyeuweza wa kwanza peke yake? Ama hakusikilizi, ama anajua kila kitu na anaipenda Jumapili kama unavyoipenda wewe. Mimi sijui ni lipi. Wewe pia hujui, na hilo ndilo linalokunyima raha, si breki.

Yeye naye ana lake. Kuuliza hali ya gari kabla ya hali ya mke ni kukosa adabu, ingawa wapo wanaume ambao neno "nimekukumbuka" haliwatoki mdomoni, wanauliza kama tairi lina upepo. Lakini akikuuliza wewe hali, unajibu njema. Njema gani hiyo, ya kulala kwenye gunia? Mficha uchi hazai. Mteja wako ulimpima kiwiko kimekunjwa, ila mumeo unampa vipimo vyako umejinyoosha wima.

Gari usilitoe. Aliyemaliza kulitengeneza ni wewe. Shemeji akija mpe kiti, mheshimu, kisha umwombe akufundishe kuliendesha.

Jumapili usiingie chini ya gari. Kaa kwenye kiti, na gauni safi. Akisema "Gari halijambo?" mjibu hivi: "Gari limepona pande zote mbili, na ningeweza tangu zamani. Ambaye hajapona ni mimi. Nimekukumbuka. Unarudi lini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Tazama saa. Dakika tatu zikipita na bado yupo, una mume, na mtapata mengine ya kuzungumza. Akiaga kabla ya hapo, lia siku hiyo, tena lia sana, na kesho yake asubuhi kaa nyuma ya usukani. Ufunguo unao, na breki zinashika.