Mluzi wa Wako

Garsen, Machi 1998

Kaka Wako,

Hatujambo. Maji ya mafuriko yamepungua na basi la Malindi linapita tena. Sasa sikia ajabu: yule ng'ombe wako mwekundu, tuliyedhani amekufa maji, amerudi mwenyewe na ndama nyuma yake! Lakini hakubali kukamwa bila ule mluzi wako. Nilipiga mimi, akanitazama tu. Baba, ambaye alikuwa hajataja jina lako tangu mlipogombana, amejaribu siku tatu, ila mapengo yake yanatoa upepo mtupu. Nilicheka mpaka nikaangusha kibuyu.

Jana akaniambia, "Sabdio, mwandikie Wako. Mwambie ng'ombe anamwita."

Kaka, ng'ombe mwenyewe anakula nyasi tu, hana habari.

Dada yako,
Sabdio