Sawa, Fundi

Mshauri mpendwa, nimekuja kwako kuomba msaada, lakini naanza na shukrani, maana tangu mume wangu afariki miezi minane iliyopita sijakosa mtu wa kunishika mkono, na hao wanaonishika ni wenzangu wa ofisini, ambao sasa naogopa nitawaponza. Mimi ni karani wa masjala katika shirika lenye kompyuta mia na arobaini, na yeye alikuwa fundi wa kompyuta hapo hapo, akipuliza vumbi kwenye mashine kwa mdomo halafu anapiga chafya mpaka chumba cha pili wanamwitikia "afya!" Ile programu ya kuzuia virusi aliiweka yeye, akaitegea salamu inayotokea kila asubuhi kwenye kioo: "Habari za leo. Nimekagua mashine yako, iko salama. Usichokielewa niulize, usijifanye." Chini yake kuna kitufe cha Sawa, na sote tulizoea kukibonyeza huku tukisema kwa sauti, "Sawa, Fundi," na hata baada ya mazishi tumeendelea, nami siku yangu huanzia hapo.

Sasa watengenezaji wametangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao wanaiacha, haitatambua tena virusi vipya, na mkurugenzi, Mungu ambariki, amenikabidhi mimi kazi ya kuchagua nyingine kwa sababu daftari la mashine zote liko kwangu, kwa mwandiko wa marehemu. Wauzaji watatu wamekuja na kila mmoja nimemtafutia kasoro, mara huyu anaongea haraka, mara yule programu yake ina rangi ya kuumiza macho, na wenzangu wananivumilia kwa huruma. Wiki iliyopita dada wa mapokezi alitokewa na dirisha la uongo, "Mashine yako ina virusi, bonyeza Sawa," akabonyeza, akasema "Sawa, Fundi," na mafaili yake yote yakafungwa, siku tatu wageni wakaandikwa kwa kalamu. Alikuja masjala analia, yeye aliyezoea kumwita marehemu kaka: "Wifi, nisamehe, nilidhani ni yeye." Nikamwambia hata mimi ningebonyeza. Mshauri, ndiyo nimwondoe mume wangu mara ya pili?

Karani wa masjala

Karani, dada yangu, pole sana. Kicheko cha ile chafya kimenifikia hadi huku, asante. Sasa niache nikugombeze. Tangu lini kinga ikakataliwa kwa rangi? Ulikuwa unamtafuta mtu, na wale hawauzi watu. Nanyi nyote mmeshika kitufe mkaacha maneno. Alisema "niulize, usijifanye." Nani aliuliza?

Unataka kuwashukuru waliokushika mkono? Chagua. Jumatatu fungua daftari, toa mashine tisa, tatu kwa kila muuzaji, na zile kuukuu zinazojikokota ziwemo, wajaribu wiki mbili. Moja apewe dada wa mapokezi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hutapata mkaguzi mkali kama yeye. Uliza kama utaziona mashine zote kutoka meza moja. Uliza nani anapokea simu mambo yakiharibika, kisha mpigie kabla hujanunua, uone kama anapokea kweli. Ya zamani iondolewe kabisa kwanza, maana mafahali wawili hawakai zizi moja, na kinga mbili kwenye mashine moja hugombana virusi vikapita. Na nakala za mafaili ziwekwe pembeni kila wiki, hakuna kinga isiyopitwa.

Salamu yake ipige picha leo, kisha inakili kwenye daftari, chini ya mwandiko wake. Humwondoi popote, kazi yake ilikuwa watu wawe salama, nawe unaiendeleza. Waulize wauzaji kama programu mpya inaruhusu salamu. Ikiruhusu, itege, ila usitie jina la Fundi, kwa sababu anayesema "niulize" sharti awepo wa kujibu. Andika: "Usichokielewa niulize, usijifanye. Karani, masjala."

Asubuhi ya kwanza utasikia mtu chumba cha pili akisema, "Sawa, Karani."

Mwitikie.